Simu Inatumika

Barua pepe ya kwanza niliifungua Jumamosi asubuhi, katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Malindi nilikokuwa nikifundisha watu kupiga chapa. Nilipoona imetoka kwa binti aliyewahi kukaa kwetu nilifurahi kijinga, kwa sababu miezi miwili ilikuwa imepita bila habari zake. Kisha nikasoma, nikageuza kioo cha kompyuta wanafunzi wasikione.

"Dada, simu yangu wamechukua na pasi ya kusafiria pia. Mlango unafungwa kwa nje. Mkono wa kulia umevimba, nachapa kwa wa kushoto. Ijumaa wote wanaenda msikitini mimi nabaki na mtoto, ndipo naigusa kompyuta. Nijibu saa hiyo hiyo tu. Siku nyingine kijana wao anafungua kila kitu, atasoma. Baada ya Ijumaa tatu wanahamia mji mwingine, sijui wapi. Mwambie mama niko mzima."

Hilo la mwisho ndilo lililonitia hofu zaidi. Mtu aliye mzima hana haja ya kulisema.

Alikuwa binti wa kijiji cha Adu, huko Magarini ndani, aliyekaa nyumbani kwetu mtaa wa Barani miaka minne akisoma sekondari. Kitanda chake kilikuwa mkabala na changu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuchapa, na ndiye niliyemfungulia sanduku la barua pepe, kama zoezi tu, siku ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua litakuja kutumika kwa nini. Alipomaliza shule akapata wakala wa ajira, akapelekwa Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Tulimsindikiza tukicheka. Nakumbuka nilimtania kwamba atarudi mnene hata nisimjue.

Jumatatu nilipiga simu katika ofisi ya serikali Nairobi. Aliyenijibu alikuwa mpole, sina la kumlaumu. Alisema wanaweza kumfuata msichana nyumbani kwa mwajiri, lakini wapewe anwani ya nyumba na jina la mwenyewe, kwani mji wenyewe ni mkubwa na wasichana ni wengi. Nikaenda kwa wakala. Yeye alisema anwani hanayo, kwamba wale ni watu wa heshima na hawataki kusumbuliwa, na kwamba nikianza kuzungukazunguka na maneno, ana watu wake huku na ana watu wake kule. Aliyasema akinitazama usoni bila kupandisha sauti. Nilitoka nikatembea mpaka nyumbani bila kukumbuka nimepita njia gani.

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja tu. Ilibidi nimwulize anwani na yeye anijibu, katika ile nusu saa ya Ijumaa, kabla Ijumaa tatu hazijaisha.

Ingekuwa rahisi, lakini saa za huko na za kwetu ni sawasawa, na swala ya Ijumaa ni ile ile. Wenyeji wake wakitoka kwenda msikitini, na Malindi mjini milango inafungwa. Chuo chetu kilifungwa. Vibanda vya intaneti vilifungwa, wenyewe wamekwenda kuswali. Kimoja tu kilibaki wazi, karibu na kituo cha mabasi, na hapo ndipo wakala alipokuwa akishinda, akituma picha za pasi za wasichana wengine. Siku ya Jumanne nilipita mbele yake makusudi nione, nikamkuta amekaa kiti cha nyuma kabisa, anapoweza kuona kioo cha kompyuta ya kila mtu. Nilipita kama niliyepotea njia.

Nyumbani tulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni simu ya mezani ya baba, nyeusi, ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli, na ufunguo baba akitembea nao. Cha pili ni laptopu yangu. Vitabuni huitwa kipakatalishi, lakini sisi tuliiita laptopu. Chuo kiliitupa kwa sababu ya virusi, nikaichukua, nikafuta kila kitu kilichokuwamo na kuweka mfumo huria, ule unaogawiwa bure na ambao yeyote anaweza kuufungua aone ulivyoshonwa. Nilikuwa na kiburi nao. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mfumo ule unafanya kila kitu, mtu akitulia tu na kutumia akili. Ubavuni mwa laptopu palikuwa na tundu la waya wa simu, na ndani yake modemu, kifaa cha kuingilia intaneti kwa laini ya simu, lakini sikuwahi kuitumia hata siku moja, na wala sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba sijui kama inafanya kazi.

Nilimpelekea habari mama yake kwa mkono wa muuza mboga. Alifika Alhamisi alasiri na furushi la mihogo na majani ya kunde, vumbi la Adu limemfika magotini. Nilimwamkia, nikamkalisha, nikamwambia nusu ya habari. Mkono uliovimba niliuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea karibu na kile kisanduku cha simu na kuweka kiganja juu yake, kama anayempima mtoto homa. Alilala hapo hapo sebuleni. Kitanda alikikataa.

Ijumaa ya kwanza baba aliacha ufunguo mezani kabla ya kwenda msikitini. Alisema neno moja tu, kwamba simu ile ameitunza tangu mimi sijazaliwa. Nilichomoa waya kwenye simu nikauchomeka kwenye laptopu, kwa sababu tundu la ukutani lilikuwa moja. Nikaiamuru modemu ipige. Mashine ikajibu kwamba haioni modemu yoyote.

Kuna modemu zinazojitegemea, na kuna zile za bei rahisi zinazotiwa ndani ya laptopu, ambazo ni nusu tu ya modemu. Nusu nyingine ni programu, na programu ile imeandikiwa mfumo wa kununua, si wa bure. Bila hiyo, kilichomo ndani ni kipande cha bati. Hayo niliyasoma Jumamosi, nikiwa nimechelewa. Ijumaa ile nilikaa mbele ya kioo nikiandika amri moja hiyo hiyo mara ishirini, kana kwamba mashine ingenionea huruma. Mama yake alikuwa nyuma yangu. Nilisikia msikitini wanamaliza, nikasikia viatu vya watu njiani, nikajua kule nako wanarudi nyumbani na yeye anaondoka kwenye kompyuta. Nilishindwa kugeuka kumtazama mama yake. Hatimaye aliuliza mwanawe amesema nini. Nikamwambia mashine bado haijawa tayari. Akasema mashine mpya huwa hivyo, akaenda kumenya mihogo. Hakujua kwamba mashine ilikuwa kuukuu, na kwamba aliyekuwa hayuko tayari ni mimi.

Jumamosi nilikuta barua ya maneno mawili. "Dada uko?"

Wiki hiyo sikula vizuri. Nilitafuta draiva, yaani ile nusu ya pili inayoiambia mashine modemu iko wapi na iongee nayo vipi. Watu wa mataifa ya mbali wasionijua walikuwa wameandika mafunzo yao na kuyaacha wazi mtandaoni, na mpaka leo nawaombea dua. Nilipakua chuoni, nikabeba nyumbani, nikajaribu kuijenga ndani ya laptopu, ikakataa. Toleo la kiini cha mfumo wangu halikulingana nayo. Nikarudi chuoni, nikapakua nyingine, ikakataa. Kila safari niliangalia nyuma njiani. Siku moja nilimwona wakala amesimama ng'ambo ya barabara ananunua miwa, na nikaingia duka la vitambaa nikashikashika khanga mpaka mwenye duka akachoka nami. Labda alikuwa ananunua miwa tu. Hofu haiulizi.

Jumatano draiva ikakubali. Nilicheka peke yangu chumbani, baba akaja kuchungulia.

Ijumaa ya pili mama alikuwa amekuja tena, safari hii na maboga. Wakati nachomoa waya wa simu alinitazama kwa makini. Ile simu ilibaki mezani na mkia wake unaning'inia, na yeye akaishika, akaitia sikioni, akaona haina sauti. Ndipo aliponiuliza swali lake.

"Sambi akipiga, mwanangu?"

Sambi ni sasa, kwa maneno yao ya Adu. Nami nilikuwa na haraka, na jasho, na nafsi ya mwalimu anayeulizwa swali na mwanafunzi wa nyuma. Nilimjibu, "Mama, hana simu. Wamemnyang'anya. Ataandika." Nilisema kwa ukali. Akairudisha simu mezani taratibu, akakaa. Nimeishi na jibu lile miaka yote hii.

Nikaiamuru modemu ipige. Safari hii ilitikisika, ikatoa mlio mdogo, kisha ikaandika kwamba hakuna mlio wa laini. Nikachomoa, nikachomeka kwenye simu, nikasikiliza. Mlio upo, umejaa tele. Nikarudisha kwenye laptopu. Hakuna mlio wa laini. Nilifanya hivyo mara tano, mara sita, kila mara sauti ipo kwangu na haipo kwa mashine, na dakika zinakwenda, mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimechanganyikiwa na sisikii ninachosikia. Swala ikaisha. Mama akaanika leso yake dirishani, kumbe ilikuwa imelowa.

Barua ya Jumamosi ilikuwa ndefu kidogo. Alisema ameona bili ya stima imebandikwa jikoni, ina jina la mwenye nyumba na sanduku la posta, ataniandikia Ijumaa nikiwapo. Hakutaka kuiandika na kuiacha humo kwenye kompyuta, kwa sababu kijana alikwisha kumwuliza nani huyu dada. Alisema mkono umegeuka rangi. Wiki ijayo ndiyo ya mwisho, masanduku yameanza kufungwa.

Nilitaka kumjibu pale pale nimwombe aiandike tu. Niliweka vidole kwenye vibao. Kisha nikamfikiria yule kijana akifungua na kusoma, na mlango wa jikoni ukifunguliwa, na nikaviondoa vidole. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na busara au nilikuwa mwoga.

Jawabu la mlio nililipata Alhamisi, siku moja kabla. Modemu ilikuwa imefundishwa mlio wa simu wa nchi ilikotengenezwa. Ule wa kwetu una sauti yake, na kwa masikio ya modemu ile haukuwa mlio bali kelele. Dawa yake ilikuwa herufi na tarakimu, X3, inayoiambia isisubiri kusikia chochote, ipige tu kama kipofu. Wiki mbili za hofu, na dawa ilikuwa alama mbili. Nilikasirika hata nikaipiga meza, na kisha nikaogopa kwamba nimeidhuru laptopu.

Ijumaa ya tatu baba alitoka mapema. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Nilichomoa waya wa simu, nikachomeka, nikaiamuru ipige. Ikapiga. Ikakata. Nikaiamuru tena. Ilikata mara nane, na ya tisa ikaanza kulia ule mlio wake wa kukwaruza, sauti mbili zinazogombana, na mama akajifunika masikio. Halafu kimya, na kwenye kioo maneno kwamba tumeunganishwa.

Lazima nikiri. Kwa dakika mbili tatu nilimsahau yule binti. Nilikuwa na furaha ya mashine. Nilitaka mtu aje aone modemu ya bati imefanya kazi juu ya mfumo wa bure, Barani, katika nyumba ya mstaafu. Nilifungua sanduku la barua, ukurasa ukashuka polepole kama maji ya bomba la kiangazi, na ndani hamkuwa na barua mpya. Nikaandika kwamba nipo, andika anwani. Hiyo ilikwenda. Nikangoja. Nikaufungua upya ukurasa. Hapana kitu. Nikaufungua tena. Hofu ikarudi. Niliwaza wamehama mapema. Niliwaza kijana amesoma. Niliwaza mkono. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kamili, na kwa hesabu yangu ilibaki robo saa.

Saa saba na dakika nne barua ikaingia.

"Wamesahau ufunguo kwenye kisanduku cha simu yao. Nimepiga kwenu mara tatu. Simu inatumika. Mnaongea na nani?"

Niliisoma kwa sauti kabla ya kufikiri. Nilipofika mwisho nilisikia mama anainuka. Namba ya baba ndiyo namba pekee yule binti aliyoijua kwa moyo, tangu alipokuwa akiitumia kumpigia mama yake kupitia kwa mwalimu mkuu wa Adu. Na mimi nilikuwa nimeikalia.

Niliandika maneno mawili, piga sasa, nikabonyeza kutuma. Mstari mdogo chini ya kioo ukaanza kujaa. Ukafika nusu ukasimama. Nilimwambia mama angoje, inakwenda, ikienda tu nitachomoa. Ukweli nilikuwa naogopa kuchomoa. Nilikuwa nimepiga mara tisa kuipata laini ile, sikuwa na uhakika wa kuipata tena, na huenda wakati ule ule anwani ilikuwa njiani inakuja kwa barua. Naogopa kuchomoa, naogopa kutochomoa, na mstari umesimama nusu. Nikasema tena angoje.

Hakungoja. Mwanamke ambaye wiki tatu hakuthubutu hata kuigusa laptopu alipitisha mkono mbele ya kifua changu na kuung'oa waya. Mashine ikaandika kwamba imekatika. Nilipiga kelele, nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa. Alihangaika na kichwa cha waya akijaribu kukiingiza katika tundu la simu, hakijui kinavyokaa, vidole vyake vya jembe vinene kwa kitu kidogo kama kile. Nikamsaidia. Kikaingia, kitu kikalia ndani.

Kisha tulikaa, yeye upande huu wa simu na mimi upande ule. Nilikuwa na kalamu na ile karatasi niliyoandikia X3. Kwa mbali nilisikia kipaza sauti cha msikiti, imamu yumo katika rakaa ya mwisho, na nikawa naomba, Mungu anisamehe, asimalize.

Simu ikalia. Mama aliinyanyua kwa mikono miwili. Alisema jina la mwanawe mara moja, kisha maneno machache ya Kigiriama, chini kwa chini, kama anayembembeleza mtu alale, na akanipa mimi. Hakutumia hata nusu dakika. Sauti ya binti ilikuwa ya kwake na haikuwa ya kwake. Alinisomea jina la mwenye nyumba herufi kwa herufi, sanduku la posta, namba ya nyumba, mtaa. Nilimwambia arudie, akarudia. Nilitaka kumwambia tunakuja, vumilia, lakini akasema, "Lango," na laini ikafa.

Baba aliporudi alitukuta tumekaa vile vile na simu bado iko mkononi mwangu. Nilimpa ile karatasi ainakili, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa hausomeki hata na mimi. Kabla ofisi haijafungwa jioni ile nilikuwa nimekwisha kuwasomea Nairobi.

Siku ya pili chuoni nilifungua sanduku langu nione. Katika orodha ya barua zilizotumwa ilikuwapo ile ya kusema nipo, andika anwani. Ya kusema piga sasa haikuwapo. Haikuondoka kamwe. Nilikaa nikiitazama orodha ile mpaka wanafunzi wakaniuliza kama somo limekwisha.

Wale wa ofisi walimfuata kabla waajiri hawajahama. Alirudi baada ya miezi mitatu, mwembamba, na mkono wa kulia haukunji ngumi mpaka leo. Anaishi Adu kwa mama yake. Wakala alihama mji, sijui alikwenda wapi wala kwa nani. Nikiona mtu anayefanana naye bado naingia dukani.

Kuhusu ile simu mimi na yule binti tulizungumza mara moja tu, tukichambua kunde ukumbini kwao. Aliniuliza siku ile tulikuwa tunaongea na nani. Nilimweleza yote, modemu, draiva, wiki nzima ya mlio, na jinsi waya ulivyokuwa mmoja. Nilimwambia kwamba tulikuwa tunamtafuta yeye. Alisikiliza huku akitupa maganda. Nikamwuliza basi ilikuwaje akapiga mara ya nne, na barua yangu ya mwisho haikumfikia.

Alisema hakupiga kwa kutumaini. Alisikia mtoto anaamka, akajua muda umekwisha, akasema apige mara ya mwisho ausikie tu ule mlio wa simu inatumika, kwa sababu ulikuwa unatoka nyumbani.